Cheni ya Ondiek

Mjukuu wangu Whitney amenisumbua tangu Jumapili. Kukhu, tuambie ile ya pikipiki. Kukhu, ni kweli? Kukhu, kwa nini mjomba Wasike anaweka mkono wa kulia mfukoni hata akiwa kanisani? Mimi niko na maharagwe ya kuchambua, niko na goti linaloniuma, na hiyo maneno sipendi kuiweka mdomoni jua likianza kushuka. Lakini juzi huyo kijana anayetaka kumwoa alikuja hapa na pikipiki yake. Niliisikia kutoka kwa kona. Tak... tak... tak. Nikamwambia, kijana, cheni yako imeisha. Akacheka.

"Haijaisha, Kukhu. Ina kiu tu. Nitaipa oili."

Ina kiu.

Niliinuka nikaingia ndani nikafunga mlango. Chai yake sikumpa.

Sasa nitasema. Mara moja tu, na asiniulize tena mtu.

Wasike ni mtoto wangu. Nilimzaa mimi, kwa hivyo nikimsema vibaya hakuna mtu wa kuniambia nyamaza. Tulitoka Bungoma tukaja kukaa Kitengela, na nyuma ya nyumba alikuwa na uwanja wa kutengeneza pikipiki. Mbili zilikuwa zake mwenyewe, moja anaendesha yeye, moja anapatia kijana. Mikono yake ilikuwa mizuri, hiyo sikatai. Angefungua injini na kuirudisha kabla hujamaliza kikombe cha uji. Lakini alikuwa mchoyo. Mchoyo wa kuzaliwa. Akiwa mtoto alikuwa akimaliza chakula chake anakaa kuangalia sahani ya mwenzake mpaka yule mwenzake anashindwa kumeza.

Kijana wa kuendesha ile pikipiki ya pili aliitwa Ondiek. Mjaluo wa Homa Bay, mrefu, Msabato wa kweli kweli, hata majani ya chai hakugusa. Mimi nilikuwa namwekea uji. Bibi yake, Phylis, alikuwa anauza mboga ya sukuma pale kwa geti ya ploti yao.

Kila asubuhi Ondiek alikuja kuchukua pikipiki nikiwa nje nakaanga mandazi. Na kila asubuhi maneno ni yale yale.

"Bosi, cheni imelegea. Inaruka meno."

Mimi nilitoka shule darasa la tatu, lakini macho niko nayo. Kuna lile gurudumu la meno ambalo cheni inakamata, wanaliita sproketi. Meno yake yalikuwa yameliwa, yamebaki membamba, yamepinda upande mmoja kama ya mbwa mzee. Cheni yenyewe ukiivuta na kidole inainuka, unaona mwanga katikati. Mtu mwenye akili anatoa yote, cheni na sproketi zote mbili, anaweka mpya. Wasike alikata pingili mbili za cheni, akaunganisha, ikakaza. Baada ya miezi mitatu ikalegea tena, akakata mbili nyingine. Akageuza sproketi upande wa nyuma ile nyama iliyobaki iliwe pia. Kisha akamwagia oili chafu ya injini ndiyo kelele ipungue. Zile pingili nne akazitundika ukutani kwa msumari, maana kwake hakuna kitu cha kutupa.

"Ina kiu tu," alimwambia Ondiek. "Ipe oili, punguza mdomo."

"Bosi, hii kitu itanimaliza siku moja."

"Basi siku hiyo utapumzika."

Nilisikia. Nilikuwa hapo, kijiti mkononi. Nikageuza mandazi.

Ilikatika Jumanne, saa sita mchana, jua likiwaka, kati ya Isinya na Kitengela, pale kwenye kalvati, kile kidaraja cha maji. Cheni iliruka ikajisokota kwa gurudumu la nyuma, gurudumu likashikwa pap, na Ondiek akarushwa mbele ya lori lililokuwa linaenda Namanga. Vile alikuwa sitasema. Alifika mochari ya Kajiado na gambuti moja mguuni. Ile nyingine ilitafutwa na haikuonekana.

Wasike alifika pale kabla ya polisi. Na mnajua alishika nini kwanza? Si mkono wa Ondiek. Alishika spana. Akaitoa cheni kwa gurudumu, akaiingiza ndani ya koti. Polisi walipouliza akasema kijana alikuwa amelewa. Siku ya mkutano wa matanga akasimama mbele ya Phylis, na Phylis ana mimba ya miezi saba, akarudia kwa sauti ya huruma, "Ndugu yetu alikuwa ameanza kuonja onja. Nilimwonya."

Phylis hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Nikaangalia miguu yangu.

Kisha akaja baba mdogo wa marehemu, Mzee Odero, kutoka Homa Bay. Alienda mpaka kwa kalvati, akamwita Ondiek kwa jina, akachota mchanga pale alipoangukia, ndiyo amrudishe nyumbani asibaki barabarani. Halafu akaja kwetu. Hakukaa. Hakunywa hata maji.

"Nimemwita na hajaitika," akasema. "Kuna kitu kimemshika hapa. Nipe ile cheni, nimzike nayo."

"Ilipotea, mzee," Wasike akamjibu. "Vitu hupotea barabarani."

Saa hiyo cheni ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya karai yangu ya kufulia, imelowa petroli. Aliisugua na mswaki usiku huo mpaka ikang'aa. Asubuhi nikamwaga yale maji mimi mwenyewe. Hayakuwa meusi peke yake. Karai sikuitumia tena, lakini mdomo sikuufungua, kwa sababu ni mtoto wangu, na mama ni mjinga.

Akaiunganisha pale ilipokatika. Akaivalisha pikipiki yake.

Mwaka ukapita.

Ilikuwa Desemba, wageni wa binti yangu Nasike wanakuja, na mimi siwezi kupikia wakwe kuku wa kizungu anayeyeyuka kwa sufuria kama sabuni. Kuna mama Mmaasai anaitwa Noolarami, anafuga kuku wa kienyeji ndani huko, mbele ya Isinya ukielekea Kajiado. Nikamwambia Wasike anipeleke. Tuliondoka saa kumi, nimekaa upande, leso imefungwa kiunoni. Njia yote ile cheni inaongea. Tak... tak... Nikamgonga mgongo.

"Hii kitu si inaruka?"

"Mayi, ina kiu. Nitaipa oili tukirudi."

Noolarami alitoka nje ya boma akitusikia. Tukasalimiana Kimaasai, takwenya, iko, akanionyesha jogoo mwekundu mzito, mbishi, nikampenda. Tulipokaa akaleta chai ya maziwa. Vikombe vitatu.

"Tuko wawili, yeyo," nikamwambia.

Akaangalia pikipiki pale nje. Akaangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Yule hatashuka?"

"Nani?"

Alikichukua kile kikombe cha tatu, akaenda polepole mpaka kwa gurudumu la nyuma, akakimwaga chini. Tangu hapo jogoo, ambaye alikuwa anapiga kelele kama anachinjwa, akanyamaza kabisa. Wasike akacheka. Mimi sikucheka.

Tulirudi jua likizama. Upepo ule wa Kajiado, mnaujua, unabeba vumbi unakutia kwa meno. Malori yalikuwa yamepungua. Kwa mbali taa za mashamba ya maua zilikuwa zimeanza kuwaka. Nilikuwa nimemkumbatia jogoo, namsikia moyo wake unapiga.

Kisha nikasikia harufu.

Petroli kwanza. Halafu oili iliyoungua. Halafu ile nyingine... ile ya karai.

Tak.

Pikipiki ikashtuka.

Tak... tak.

Ikalegea chini yetu, injini inanguruma bure, magurudumu yanaenda polepole, polepole, mpaka yakasimama. Cheni ilikuwa imetoka. Nikaangalia kando ya barabara.

Kalvati.

"Bahati mbaya tu," Wasike akasema. Akazima, akatoa ufunguo, akanipa. "Shika, Mayi, usipotee kwa giza." Niliufunga kwa pembe ya leso. Fundo mbili. Hilo mlikumbuke. Akainua pikipiki kwa stendi kubwa, akapiga goti, akaanza kurudisha cheni vile wote wanafanya, unaiweka kwa meno ya chini na mkono, halafu gurudumu linazungushwa lenyewe linaibeba juu.

"Bosi."

Kulikuwa na mtu amechuchumaa upande wa pili wa gurudumu. Sikumwona akija. Amevaa reflekta, ile fulana ya kung'aa ya boda boda, imekauka, imekuwa ngumu kama ngozi.

"Bosi, cheni imelegea."

Wasike hakuinua kichwa. Kwa barabara ile wenye pikipiki husaidiana, hiyo si ajabu. "Nimeona, kaka. Nizungushie gurudumu, mimi nashika cheni."

"Sawa, bosi."

Mimi nilikuwa naangalia chini. Gambuti ilikuwa moja. Mguu wa pili haukuwa na kitu, na vumbi lote lile halikuwa limeushika.

"Wasike," nikanong'ona. "Simama."

"Mayi, wacha nimalize, giza linaingia."

"Simama, nakuambia! Muulize huyu mtu jina."

Yule mtu akageuza kichwa kwangu. Polepole. Kiligeuka kupita inavyofaa... halafu kikaendelea.

"Mathe anajua jina," akasema. "Mathe alikuwa anasikia kila asubuhi."

Jogoo alijikojolea mikononi mwangu, kama kuku wanakojoa sijui, lakini niliroa. Labda haikuwa jogoo.

Sasa Wasike akainua uso. Nilimwona akiangalia. Nilimwona akijua. Mkono wa kulia ulikuwa bado ndani, vidole vinne chini ya cheni, juu ya yale meno. Na hakuutoa. Aliniambia baadaye alijaribu, ukakataa.

"Bosi," yule akanong'ona. "Mimi nilikuwa nakunywa?"

Upepo tu.

"Nijibu tu, bosi. Nilikuwa nakunywa?"

"Sema ukweli!" nikamwambia Wasike. "Mjinga wewe, sema hakunywa! Sema alikuambia!"

Na mtoto wangu, na kifo kimechuchumaa mbele yake hatua moja, alifanya nini? Alichoweza kutoa ni kile kile alichokizoea.

"Cheni... cheni haikuwa na shida."

"Haikuwa na shida?"

"Ilikuwa na kiu tu."

Yule mtu akatikisa kichwa taratibu, kama mfanyakazi aliyepewa kazi na ameielewa.

"Basi ipe."

Gurudumu likazunguka.

Si kwa mkono. Mkono hauzungushi hivyo. Lilienda kwa nguvu ya injini, na injini ilikuwa kimya, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Tak.

Tak.

Tak.

Tak.

Halafu likasimama. Na jogoo akawika, jioni hiyo, mara moja.

Wasike hakulia mara hiyo. Alikaa chini akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimebaki peke yake.

Alitusaidia dereva wa lori la vitunguu kutoka Loitokitok, Mkamba anaitwa Maundu. Yule mtu wa reflekta hakuwa pale tena. Maundu akafunga mkono na shati lake, akawasha tochi ya simu akazunguka pikipiki, akatafuta chini ya kalvati, kwa nyasi, kwa lami.

"Mama, vidole viko wapi?"

"Tafuta."

"Nimetafuta. Na damu je? Mtu amekatwa hivi, damu iko wapi?"

Akamulika lami. Kavu. Akamulika cheni. Ilikuwa inang'aa, safi, kama imetoka kwa duka. Maundu akazima tochi. "Twende," akasema, akatupeleka mpaka hospitali ya Kajiado.

Daktari huko hospitali hakushangaa. Alisema anaona mikono hiyo kila mwezi, vijana wanapangusa cheni injini ikiwa inanguruma. Nikamwambia injini ilikuwa imezimwa. Akaniambia, shosho, umeshtuka, kunywa maji. Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili, nikaweka ufunguo kwa meza yake. Akauangalia. Akaandika kile alichotaka kuandika.

Kesho yake fundi jirani yetu, Gitonga, akaileta pikipiki nyumbani na pickup. Nilikuwa nje namnyonyoa jogoo. Nilimchinja mwenyewe asubuhi hiyo, maana wageni ni wageni.

"Mama Wasike," Gitonga akaniita. "Hii cheni si ndiyo Wasike aliikata?"

"Ndiyo."

"Mbona ni ndefu?"

Ilikuwa inaburuta chini. Akaifungua, akailaza kwa gunia, akahesabu pingili moja moja kwa kidole. Akarudia. Ilikuwa imetimia, kama ya dukani, hakuna iliyokosa. Tukageuka wote wawili tukaangalia ukuta.

Msumari ulikuwa mtupu.

Labda mtu aliziiba. Labda kuna mtu alikaa na nyundo akaziunganisha usiku tukiwa hospitali. Gitonga alitaka kuamini hivyo, niliona anavyotaka. Akainama aangalie pale zilipoungwa. Pingili nne zilikuwa na rangi nyingine, kama nta. Akaigusa moja. Akaivuta karibu na macho. Kulikuwa na kitu chembamba kimebanwa katikati, cheupe, kimepinda, na oili nyeusi imekaa chini yake vile inakaa kwa mafundi.

Ukucha.

Gitonga aliitupa cheni, akatoka, spana zake akaziacha hapo hapo. Hajawahi kuzirudia.

Wasike alirudi baada ya siku nne, na bado alikuwa anasema ni ajali. Usiku wa kwanza akalia kwamba vidole vinamuuma. Vipi, nikamuuliza, na huna? Vinavutwa, akasema. Vinavutwa, Mayi, vinapita kwa meno, vinatoka, vinarudi. Usiku wa pili ikawa hivyo. Usiku wa tatu nikaisikia mimi mwenyewe, kutoka kwa gunia huko nje, na hakuna mtu aliyeigusa.

Tak... tak... tak... tak.

Asubuhi nikachukua ile karai, nikaweka cheni ndani, nikajitwika. "Nyuma yangu," nikamwambia Wasike. Alifuata kama ng'ombe.

Phylis alikuwa kwa geti na sukuma yake, mtoto mgongoni. Mtoto ana macho ya Ondiek, yale ya kuangalia bila kupepesa. Vijana wote wa stage, kituo cha boda boda, walikuwa hapo ng'ambo, wale wale waliokaa kwa mkutano wa matanga. Nikaweka karai chini.

"Sema," nikamwambia Wasike.

Akasema. Mara ya kwanza sauti haikutoka, Phylis akamwambia, "Ng'ambo hawajasikia." Akarudia kwa nguvu. Kwamba Ondiek hakunywa. Kwamba cheni ilikuwa imeisha, sproketi imeisha, na Ondiek alimwambia kila asubuhi. Kwamba aliificha. Kisha mimi nikasema yangu, kwamba nilisikia na nikanyamaza. Phylis hakulia. Alishusha leso ya begani, akaitandika, akainua cheni kutoka kwa karai. Akaipitisha mkononi taratibu mpaka akafika kwa zile nne. Hapo akasimama. Akazishika moja moja.

Sijui alijua vipi.

Akakunja leso, akafunga.

"Mzee Odero anakuja Ijumaa," akasema. "Ataifukia kwa kichwa cha kaburi. Sasa Ondiek ataitika."

Hapo ndipo Wasike alianguka magoti, pale kwa matope ya maji ya mboga, mtu mzima na ndevu zake. Kwetu mtu anazikwa akiwa kamili, hata jino lililong'oka linawekwa. Akamnyooshea ule mkono wa kidole kimoja.

"Mama nanii... nakuomba. Chukua cheni. Lakini hizo zangu nirudishie. Nisizikwe nusu. Nakuomba, zifungue, nipe zangu."

Phylis alimwangalia. Akahamisha mtoto bega lingine. Wala hakukasirika, hiyo ndiyo ilinitia baridi. Alisema kwa upole, kama anamwambia mteja sukuma imeisha.

"Zilipotea, bosi. Vitu hupotea barabarani."

Ijumaa Mzee Odero aliichukua. Siku hizi Wasike analala usiku, vidole havimuumi tena. Viko Homa Bay, vinne, chini ya udongo wa watu wengine, vimemshika Ondiek kichwa.